Theluji Ina Wenyewe

Jumatatu, 8 Novemba 1976

Leo maisha yangu yamegeuka!

Khawaja Anton, Mzungu wetu, mkuu wa kazi ya visima, ametuita sote uani baada ya chai. Akasema kila Januari watu wa shirika kutoka nchi zote hukutana kwao Ulaya kwa wiki nzima, mahali pa theluji, kula na kuteleza kwa mbao miguuni. Juba haijawahi kupeleka mtu. Safari hii itapeleka mmoja. Tena ni Juba itakayochagua mahali!

Akatandaza vijitabu vitatu vya picha mezani. Weissegg: mlima mrefu, mkali, hoteli kubwa, watu wananing'inia angani kwenye viti vinavyovutwa kwa waya. Altenhof: ziwa lililoganda na maduka. Steinmoos: kanisa, kilima, ng'ombe. Ng'ombe! Ng'ombe tunao hapa.

Anayetaka kwenda achague mahali, akasema, na Ijumaa ya wiki ijayo atueleze sababu mbele ya wote. Atakayetushawishi ndiye atakayepanda ndege. Halafu akauliza kama yuko anayejua theluji.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla sijaushauri.

Nikawaambia ukimbizi wangu niliumalizia Kilembe, Uganda, chini ya milima ya Ruwenzori, na theluji ile naijua kama ua wangu. Uongo uko wapi? Mtu akikaa chini ya mlima miaka, akautazama kila siku mawingu yakikubali, tofauti yake na aliyepanda ni viatu tu. Kwa hiyo mimi, Celestino Soro, mtunza stoo, tangu leo saa nne asubuhi ni mtaalamu wa theluji.

Wote waligeuka kunitazama kwa heshima. Wote isipokuwa Mogga, fundi wa mashine ya kuchimba. Naye akainua mkono. Akasema yeye ukimbizi wake ulikuwa Kenya, na kule Limuru aliwahi kuamka akakuta nyasi nyeupe.

Nyasi nyeupe! Huo ni umande, bwana!

Jumanne, 9 Novemba

Nimemwambia Victoria. Kosa. Mke wangu alicheka mpaka akaiacha chapati ikaungua, na Victoria haunguzi chapati. Akaniuliza, Baba Teresina, ni wewe huyu unayechemshiwa maji ya kuoga mwezi wa kwanza, mbwa wa mtaa huu wa Atlabara wanapolala ndimi nje kwa joto? Akaniambia njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba hiyo ya kwenda Ulaya ni ndefu sana, basi mimi si mwongo. Akacheka tena.

Hapo nikakasirika, nikasema kilicho moyoni. Mwaka sitini na tano nilivuka mpaka kwa miguu, sufuria kichwani. Mwaka sabini na tatu nikarudi juu ya lori, na sufuria ile ile. Safari zangu zote duniani ni za kukimbia. Mara moja tu, kabla sijafa, nataka kusafiri kama mtu: nimealikwa, nina tiketi, watu wananipungia mkono, na hakuna anayenifukuza.

Victoria akageuza chapati. Baadaye akasema, haya, lakini soksi nitafute mapema.

Nimeamua. Weissegg! Ndiyo ndefu kuliko zote. Mtaalamu hachagui kilima.

Alhamisi, 11 Novemba

Nimeanza mazoezi ya baridi. Mpango mzuri sana, uliharibiwa na watu.

Pale ofisini ipo friji ya mafuta ya taa. Nilifikiri hivi: baridi huanza miguuni. Miguu ikizoea, mwili utafuata. Wenzangu walipokwenda kula, nikavua kiatu, nikafungua friji, nikaingiza mguu. Ilikuwa kazi, maana friji iko juu kidogo na mimi si mrefu. Baridi ikanipanda mpaka gotini. Nikavumilia. Nikahesabu moyoni. Nikajiona kabisa niko Weissegg.

Mlango ukafunguliwa. Mogga!

Nikamwambia natafuta panya. Akaniuliza kama panya huwa namtafuta kwa kidole gumba cha mguu. Kisha akatazama ndani, akasema polepole kwamba nimekanyaga siagi ya Khawaja. Kweli nilikuwa nimeikanyaga. Alama ya kisigino ilikuwa safi, polisi wangeweza kunitambua kwayo.

Wakati wa chai ya jioni akasimama mbele ya watu wote. Hakutaja siagi. Mogga ana akili mbaya kuliko hiyo. Akasema, kwa Kiswahili chake cha Nairobi, kwamba sisi wajinga wa theluji tuna bahati ya kuwa na mtaalamu, basi Jumapili baada ya misa mtaalamu atuonyeshe kuteleza pale kwenye mlima wa Jebel. Nyasi zimekauka, mteremko upo. Watu wakapiga makofi. Khawaja Anton naye akapiga makofi, maskini, akijipaka mkate siagi.

Nikasema Jumapili nina nafasi. Ningesema nini?

Jumamosi, 13 Novemba

Kutwa nzima nilikuwa mtaa wa Hai Jalaba kwa fundi seremala Emilio. Nimempelekea picha ya mbao za kutelezea. Akazitazama sana, akauliza kama ni za kitanda au za jeneza. Nikamwambia ni za kuvaa miguuni. Akasema kwanza nilipe, ndipo anyooshe mti.

Amezitengeneza kwa mti wa mahogani. Nyembamba, ndefu, pua zake amezikunja kwa mvuke wa birika mpaka zikatazama juu. Za kufungia mguu ni vipande vya tyubu ya lori. Fimbo mbili ni za mwanzi. Ni nzuri, wallahi! Nimezipaka chini mafuta ya lulu, yale ya kokwa za mti, ili ziteleze. Victoria anauliza mafuta yake ya kupikia yamekwenda wapi. Nimemwambia dunia ina wezi.

Kuna jambo moja lilinijia nikiwa napaka. Sisi watu wa visima tuna kanuni: hatugusi ardhi ya mtu kabla ya kumpelekea mwenye ardhi mbuzi na salamu. Mwaka wa kwanza Khawaja hakujua, akachimba tu, mashine ikavunjika mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na maji hakuna. Tangu hapo hakuna anayeiruka kanuni hiyo. Hata Jebel ule una wenyewe, ukoo wenye mashamba pale chini yake. Na mbuzi wa salamu nawanunua mimi, kule Gumbo ng'ambo ya daraja. Mimi mwenyewe!

Lakini kuteleza si kuchimba. Mimi nitapita juu juu tu, tena kwa haraka. Hata ardhi haitajua.

Jumapili, 14 Novemba

Naandika nimelala. Mguu wa kulia uko juu ya mto.

Baada ya misa tulipanda lori la kazi, ofisi nzima, na wake zao, na majirani wa Atlabara ambao sikuwaalika. Albino, dereva wetu mzee, alipiga honi njia nzima kama harusi. Tulipofika nikapanda ule upande wa nyasi, mbao begani, bila kugeuka nyuma. Kutoka chini Jebel si mrefu. Kutoka juu ni mrefu sana. Hilo hawalisemi kwenye vijitabu.

Nikavaa mbao. Nikafunga tyubu. Nikapiga ishara ya msalaba. Nikajisukuma.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Hata kama ningekufa pale pale, naandika hapa kwamba mwanzo ulikuwa mzuri! Nyasi zilikuwa kavu, mafuta ya lulu yalifanya kazi yake, upepo ukanijaa kwenye shati, nikasikia wanawake wakipiga vigelegele. Nikaona uso wa Mogga, mdomo wazi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha nikatambua kwamba mbao hazina breki.

Mbele yangu palikuwa na shamba, na shambani miganda ya simsim, yaani ufuta, iliyovunwa, imesimamishwa ikauke, imeegemeana kama wanawake wanaosengenya. Nikapiga kelele ipishe. Haikupisha. Niliingia mganda wa kwanza, wa pili, na sijui mwisho ni upi, maana simsim ilikuwa imejaa machoni, masikioni na mdomoni. Nililala pale nikiwa nimefunikwa, nikisikia mbegu zikimwagika taratibu kama mvua ndogo.

Akaja mwenye shamba, mama mtu mzima, fimbo mkononi. Hakuuliza kama nimeumia. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, ninayeshuka mlima wa watu bila hata kusema salamu. Nikasema nilitaka kusalimu lakini nilikuwa na mwendo. Akazifungua mbao zangu miguuni, moja baada ya nyingine, akaondoka nazo.

Nilirudi kwenye lori nikirukaruka kwa mguu mmoja. Mogga alinipa bega nilishikilie. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatatu, 15 Novemba

Yule mama amekuja ofisini. Anaitwa Mama Natalina, mjane, na ndiye mkubwa wa ukoo wenye Jebel. Alikuja na wapwa zake, wamebeba mbao zangu vichwani mbele ya macho ya mji mzima. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Khawaja.

Khawaja Anton aliniuliza swali moja tu: kama nilimsalimu mwenye ardhi kabla. Mimi! Mnunuzi wa mbuzi! Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nikatazama sakafu. Sakafu yetu ina ufa ambao sikuwahi kuuona.

Ikahukumiwa: nipeleke mbuzi, kwa mfuko wangu, na simsim iliyobaki nikaikung'ute mimi mpaka iishe. Mogga alisindikiza wageni hadi barabarani kwa adabu zote.

Victoria aliponikanda mguu jioni hakunicheka. Akasema mpanda ngazi hushuka, basi nimwachie Mogga safari, yaishe. Yaishe? Nikamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akanibonyeza kifundo cha mguu kwa nguvu kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Hapana, kwa nguvu nyingi.

Siachi. Ijumaa nitasimama hata kwa fimbo.

Jumatano, 17 Novemba

Kazi ya simsim si ya binadamu. Unashika mganda, unaupindua juu ya jamvi, unaukung'uta mpaka uteme mbegu zote, unachukua mwingine. Jua kichwani, vumbi puani, mguu umevimba. Mama Natalina amekaa kwenye kigoda kivulini akihesabu makosa yangu.

Mchana hasira zikampungua kidogo, akauliza nilikuwa natafuta nini juu ya mbao. Nikamweleza habari zote. Nikamtolea vijitabu, ambavyo natembea navyo siku hizi kama sala. Akavipokea, akaviangalia mbali na uso, akauliza katika picha hizi mwenye mlima ni nani.

Weissegg: nikamwonyesha hoteli. Akasema hoteli si mtu. Altenhof: nikamwonyesha watu wenye miwani ya rangi. Akasema hao ni wageni kama wewe, ona wanavyotabasamu. Steinmoos: hapo akatulia. Yupo mzee mmoja, amesimama mbele ya zizi la ng'ombe, kiko cha tumbaku mdomoni, amekunja uso. Mama Natalina akasema huyo ndiye. Mtu akiona wageni wanakanyaga ardhi yake hana budi kukunja uso hivyo.

Akatazama tena. Akauliza wale ng'ombe wote ni wake? Nikasema bila shaka. Akauliza ana mke? Nikasema kijitabu hakisemi. Akasema hata hivyo nimpelekee salamu, na nimweleze kwamba yeye, Mama Natalina, ni mjane na shamba lake liko upande wa maji.

Nilicheka peke yangu njia nzima kurudi nyumbani. Steinmoos! Kilima cha ng'ombe! Mimi ni mtu wa Weissegg. Nimeshaandika sababu zangu zote vizuri.

Ijumaa, 19 Novemba

Utukufu! Utukufu! Niandike kwa mpango.

Mogga alianza. Alivaa tai. Akasema amechagua Weissegg. Weissegg yangu! Akasema ni ndefu kuliko zote. Hiyo ilikuwa sababu yangu ya kwanza. Akasema viti vya waya, ya pili. Akasema hoteli ina daktari, jambo la maana kwa mtu asiye na uzoefu, na hapo akanitazama mguuni. Akamaliza sababu zangu zote, akaongeza na zake, akaketi. Makofi marefu.

Nikasimama. Mfukoni nilikuwa na hotuba, na hotuba yote ilikuwa imeshasemwa na adui. Basi nikanyoosha mkono mezani, nikachukua kijitabu ambacho Mogga hakukigusa.

Nikasema Steinmoos.

Mogga akacheka. Nikamwuliza: tukifika Weissegg, kitu cha kwanza ni nini? Akasema ni kuvaa mbao na kupanda. Nikauliza, na nani kamsalimu mwenye mlima? Nikasema mimi wiki hii nimefundishwa jambo hilo kwa mguu wangu. Nikasema Jebel huu mdogo tu una wenyewe, na ule mlima mkubwa je? Theluji nayo ina wenyewe. Nikageuza picha waione: huyu hapa, na zizi lake, na uso wake. Weissegg hakuna wa kupokea salamu zetu. Hapa yupo. Sisi watu wa visima hatuendi kwa watu kama wezi.

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilikuwa najiokoa tu. Lakini nilipoyasema niliyaamini kweli kweli.

Mzee Albino, ambaye huwa hasemi kitu mikutanoni, akapiga meza: hii maneno iko kweli! Mogga akasema huyo mwenye kiko labda ni mlinzi wa hoteli. Nikasema basi nitamsalimu mlinzi. Watu wakalipuka!

Khawaja Anton akavua miwani. Akasema alipokuwa mdogo, baba yake hakuwahi kukatiza shamba la mtu na mbao zake bila kupita mlangoni kwa mwenyewe na chupa ya salamu ndani ya koti, na kwamba yeye alikuwa ameshasahau jambo hilo. Akaomba mikono. Mikono ikawa mingi, hata wa mpishi. Nimeshinda!

Mogga alikuja kunipa mkono. Alinibana vidole, lakini alinipa.

Victoria alilia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kabla yake. Teresina, binti yetu, amekwenda kuwaambia majirani wote kwamba baba yake anasafiri. Ndivyo alivyosema: anasafiri.

Jumatatu, 22 Novemba

Asubuhi Victoria alinishika mlangoni, akaninyoosha kola. Akasema sasa nimepata nilichokitaka, na nimekipata kwa neno la kweli, basi yaliyobaki niyaseme kweli pia. Nikamwahidi. Nilimaanisha kabisa.

Saa tano Khawaja Anton aliongea na makao makuu kwa redio. Ofisi nzima ilikuwa pale, maana redio ikizungumza hakuna anayefanya kazi. Akageuka akaniambia mwalimu wa Steinmoos anauliza mgeni wa Juba awekwe kundi gani. Wasiojua huanzia chini kwenye kilima, pamoja na watoto, wanashikwa mkono mpaka wazoee. Kwa wanaojua, upo mlima nyuma ya kanisa, ambao haukuingia kwenye picha. Hao hubebwa kwa kiti cha waya hadi kileleni, wanashushwa, na kiti kinarudi kitupu. Kurudi ni kwa mbao tu.

Khawaja aliniuliza kwa upole sana. Akasema hakuna aibu, yeye mwenyewe alianza kwa kushikwa mkono. Nikamwelewa. Nafikiri anajua, na nafikiri ameshajua tangu siku ya Jebel. Jibu nilikuwa nalo: chini, pamoja na watoto. Ni maneno machache. Nilifungua mdomo niyaseme.

Mogga, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifuta grisi, akakohoa.

Nikasema: wanaojua.

Khawaja akaniuliza tena. Nikasema sawa, wasiandike wanaojua. Waandike wanaojua sana.

Basi, imeshasemwa redioni, imeshafika Ulaya, hairudi. Victoria nimemwambia nimepangiwa mahali pa juu, na amefurahi. Mguu bado umevimba lakini Januari iko mbali. Kupanda nitapandishwa kwa kiti. Kushuka nitakufikiria nikishafika huko.